Mkunguru na Utani: Mazingira, Mahusiano na Afya ya Mhamiaji katika Tanganyika

Kiswahili kina neno ambalo siku hizi husikika kwa nadra mijini, ingawa kamusi bado zinalitunza: mkunguru. Kwa maana yake ya asili, mkunguru ni homa impatayo mtu aliyefika mahali pageni kabla mwili wake haujazoea maji, hewa na chakula cha pale. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 na 1858, alilikuta neno hilo likitumiwa na wenzake wa safari na akaliandika kitabuni mwake. Alikuwa na sababu ya kulikumbuka, kwani yeye mwenyewe na mwenzake Speke waliugua karibu njia nzima.

Neno hili lina nadharia ndani yake. Halimlaumu mgonjwa kwa uzembe, wala halimtafuti mchawi. Linasema tu kwamba ugonjwa umo katika kukutana kwa mwili na mahali: mwenyeji hunywa maji yale yale, hulala chini ya paa lile lile, naye hapati mkunguru. Kabla ya taaluma ya tiba kuanza kuandika juu ya afya ya wahamiaji, wasemaji wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kulitambua jambo hilo na kulipa jina.

Hata hivyo, neno hilo liko kimya juu ya jambo la pili, ambalo kwa mgonjwa huenda likawa la kwanza. Mwenyeji akiugua, ana mama wa kumpikia uji na ndugu wa kumtafutia mganga. Akifa, ana watu wa kumchimbia kaburi. Mgeni ana nani? Katika historia ya Tanganyika, tangu zama za misafara hadi za mashamba ya mkonge, swali hilo liliamua uhai wa watu wengi, na sehemu kubwa ya jawabu lake ilikuwa utani. Wanafunzi wa Kiswahili huufahamu utani kama mzaha, na huusoma katika somo la fasihi simulizi pamoja na vitendawili na methali. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mzaha ule ulikuwa uso tu wa jambo, na kwamba nyuma yake ulisimama mpango wa kumwuguza na kumzika mtu aliyekuwa mbali na kwao.

Njia na maago

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, maelfu ya watu walitembea kila mwaka baina ya Unyamwezi na pwani, hasa Bagamoyo na bandari za jirani zake. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma waliojiajiri kama wapagazi wakati wa kiangazi, ili wawahi kurudi shambani mvua zianzapo. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kuiona pwani ilikuwa dalili ya kuwa mtu mzima. Safari ya kwenda mashariki kutoka Tabora ilikuwa ya kilomita zaidi ya 800, nayo ililazwa katika maago, yaani mahali pa kutua mizigo, kupika na kulala.

Ago ndilo lililokuwa mazingira halisi ya mhamiaji, kuliko hata mji aliokuwa akiuendea. Mahali pa ago palichaguliwa kwa sababu ya maji, na kwa kuwa maji hayakupatikana kila mahali, msafara mmoja ulilala palepale ulipoondoka mwingine. Vibanda vilivyoachwa na wa jana vilikaliwa na wa leo. Waliofika wakiwa wamechoka hawakuwa na muda wa kujenga vipya, wala hawakuchimba vyoo kwa ajili ya usiku mmoja. Kisima kilichotosha kijiji cha kaya 30 kilitakiwa kitoshe watu 500 kwa jioni moja.

Humo vibandani mliishi papasi. Huyu ni mdudu wa jamii ya kupe, lakini mwenye tabia tofauti na kupe wa ng'ombe: mchana hujificha katika udongo mkavu wa sakafu na nyufa za kuta, na usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni kabla mtu hajaamka. Aweza kukaa miaka bila kula. Banda lililohamwa kwa misimu kadhaa, kwa hiyo, halikuwa salama kwa sababu tu lilikuwa tupu. Ugonjwa anaoueneza, homa ya papasi, humshika mtu kwa siku chache kwa ukali, humwachia kiasi cha yeye kudhani amepona, kisha humrudia.

Mwaka 1905 Robert Koch alifanya utafiti juu ya homa hiyo katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikusanya papasi kutoka katika mabanda ya kulalia wasafiri kwenye njia za misafara, akaonyesha kwamba vijidudu vya ugonjwa humo ndani ya papasi jike na hupita hata katika mayai yake. Mwaka uo huo, upande wa mashariki ya Kongo ambako Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuenea kwa njia ya biashara, Joseph Dutton na John Todd walikuwa wakichunguza jambo hilohilo. Dutton aliambukizwa na akafa huko Kasongo mwezi Februari 1905, na kijidudu cha homa hiyo kikapewa jina lake.

Jambo moja aliloliona Koch linawahusu wanaisimu kuliko linavyoonekana mara ya kwanza. Watu wazima waliozaliwa mahali penye papasi hawakuugua sana, kwa kuwa walikuwa wameumwa na wadudu hao tangu utotoni na miili yao ilikuwa imejenga kinga. Aliyeanguka ni mgeni, awe Mzungu au Mwafrika kutoka nchi isiyo na papasi. Kwa maneno mengine, maabara ilifikia kwa hadubini sehemu ya kile ambacho neno mkunguru lilikuwa likikisema kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba mkunguru haukuwa homa ya papasi peke yake. Bila shaka neno hilo lilikusanya malaria, homa za matumbo na mengine mengi chini ya paa moja. Lakini mpaka uliochorwa na neno hilo, baina ya aliyezaliwa pale na aliyefika pale, ulikuwa mpaka wa kweli.

Ndui ilifuata kanuni nyingine, maana yenyewe haikumsubiri mgeni katika ago bali ilisafiri naye. Burton aliuona msafara wa wapagazi uliokuwa umekwisha kupoteza watu wake 50 kwa ndui. Aeleza kwamba waliougua waliendelea kujikokota njiani hata walipokuwa hawaoni, kwa sababu aliyeanguka hakuinuka tena: hakuna kijiji kilichokubali kumpokea mtu aliyebeba kifo, wala ndugu au rafiki aliyerudi nyuma kumtafuta. Burton hakuwa shahidi asiye na chuki, na maneno yake juu ya Waafrika yanahitaji kusomwa kwa tahadhari kubwa. Katika habari hii, hata hivyo, hapakuwa na sababu ya yeye kubuni, na kinachoonekana humo ni jamii ya njiani ikivunjika mbele ya ugonjwa usiosamehe. Mahusiano yana mpaka, na ndui ilikuwa mojawapo ya mipaka hiyo.

Kambi na mtani

Hali haikuwa hivyo siku zote. Wapagazi hawakusafiri kama kundi la watu wasiojuana. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Tanganyika, ameonyesha jinsi msafara ulivyogawanyika katika vikundi vidogo vilivyoitwa kambi, kila kimoja kikiwa na watu wachache waliochangia chungu, moto na mahali pa kulala. Neno kambi, ambalo leo humaanisha mahali, hapo lilimaanisha watu. Posho iligawanywa kwa kambi, kazi za kutafuta kuni na maji ziligawanywa ndani ya kambi, na mwenzao akiugua ni wao waliopokezana mzigo wake. Kiafya, ule mgawanyo wa kazi ya jikoni si jambo dogo. Mtu aliyebeba ratili 60 au 70 kutwa nzima hana nguvu ya kuteka maji, kutafuta kuni na kupika peke yake. Atakula chakula kibichi au atalala na njaa, na kesho yake ataanza safari akiwa dhaifu.

Kambi, hata hivyo, iliendelea na safari. Msafara haukuweza kukaa wiki mbili ukimngoja mtu mwenye homa inayorudi. Mgonjwa ilibidi aachwe, na swali likawa aachwe kwa nani. Ukarimu wa kawaida una kipimo chake, nao umewekwa wazi katika methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu aliyelala kwa homa hawezi kushika jembe siku ya tatu, wala ya 13. Hapo ndipo mtani alipoingia.

Utani uliofungamana na njia za misafara uliunganisha watu wa bara na watu ambao nchi zao zilipitiwa. Wanyamwezi, kwa mfano, wana utani na Wazaramo na Wazigua. Masimulizi hutoa asili mbalimbali: vita vilivyokwisha kwa suluhu, au safari ndefu za kupita katika nchi ya wenyewe. R. E. Moreau, aliyeandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, alieleza jinsi uhusiano huo ulivyosambaa baina ya makabila mengi na jinsi vita na misafara vilivyochangia kuueneza. (Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege. Alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, ambako watu wa kila pembe ya nchi walikutana kwa ajili ya ajira, na huenda jicho lililozoea kuainisha ndege liliona mpangilio ambao wengine waliusikia kama kelele za matusi tu.)

Mtani ana haki ya kumtukana mtani wake bila kukasirikiwa, kuchukua kitu chake bila kuitwa mwizi, na kudai fidia ya kuchekesha kwa kosa lisilokuwapo. Haki hizo ndizo zinazojaza vitabu. Wajibu unaokwenda nazo hautajwi kwa urefu ule ule: kumpokea mtani aliye safarini, kumlisha, na akifa, kumwosha, kumchimbia kaburi na kumzika. Mizaha inayofanywa na watani msibani, ambayo mgeni wa utamaduni huu huiona kama ukosefu wa adabu, hufanywa na wale wale wanaoshika majembe ya kaburi. Hivyo mzaha na kazi havitenganiki. Yule anayemwambia mfiwa kwamba marehemu amekufa ili akwepe deni ndiye atakayebaki makaburini mpaka udongo ushindiliwe.

Kwa nini kazi hii wapewe watu waliokuwa maadui au wapita njia, badala ya marafiki? Jawabu linalofaa kufikiriwa ni kwamba urafiki ni wa mtu na mtu, ilhali utani ni wa watu na watu. Rafiki hupatikana kwa muda. Ndugu wa kuchanjana, njia nyingine waliyoitumia wasafiri kujipatia himaya ugenini, alipatikana kwa kiapo na damu, na kwa kawaida kwa mali pia. Mtani alikuwapo kabla mgeni hajafika. Mnyamwezi aliyeanguka Uzaramo katika safari yake ya kwanza hakuhitaji kujulikana kwa jina. Ilitosha ajulikane ametoka wapi. Na kwa kuwa tusi la utani lilijibiwa kwa tusi, lilikuwa pia kitambulisho: aliyejua kujibu alijulikana mara moja kuwa ni mtu wa ndani ya uhusiano ule. Hapa lugha yenyewe ilifanya kazi ambayo baadaye ilifanywa na vyeti.

Mpango huu ulikuwa na watu uliowaacha nje. Aliyechukuliwa kwa nguvu kutoka mbali na kuletwa pwani kama mtumwa, akiwa amekatwa na ukoo wake na hata jina lake, mara nyingi hakuwa na kabila ambalo lingemwita mtani. Huyo alimtegemea bwana wake, na bwana aliweza kumhesabia gharama ya uji.

Kariakoo

Vita Kuu ya Kwanza ilileta jaribio ambalo hakuna aliyelikusudia. Baina ya mwaka 1914 na 1918 majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yaliwachukua wapagazi kwa idadi ambayo misafara ya zamani haikuifikia hata kidogo. Upande wa Waingereza peke yake, vifo vilivyoandikwa rasmi vya wapagazi vilizidi 40,000, na wanahistoria wanakubaliana kwamba hesabu hiyo ni pungufu. Jina la jeshi lao la mizigo, Carrier Corps, limebaki katika Kiswahili kama Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam na pia wa Nairobi.

Wengi wa waliokufa hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Watu wa nyanda za juu zenye baridi walipelekwa katika mabonde ya Rufiji. Watu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi. Madaktari wa jeshi walikuja kutambua kwamba unga usioiva uliharibu matumbo na kufungua mlango wa kuhara. Unga haukuiva kwa sababu wapagazi walifika usiku, kuni zilikuwa zimelowa, na vyungu havikutosha.

Maelezo haya ya mazingira na chakula ni sahihi, lakini yameacha kitu. Wapagazi wa karne ya 19 nao walipita katika mvua, nao walikula unga. Walichokuwa nacho ni kambi waliyoichagua wenyewe, watu waliojua kupika pamoja, na watani njiani. Mpagazi wa vita aliandikwa kwa namba, akapangwa na watu wasiosikilizana naye kwa lugha, na akapelekwa katika nchi ambayo vijiji vyake vilikuwa vimeporwa chakula na majeshi ya pande zote mbili. Hata mtani aliyekuwa tayari kumlisha hakuwa na cha kumlisha. Kiswahili kilienea upesi katika makambi hayo kwa kuwa ndicho pekee kilichowawezesha watu hao kuelewana. Lakini kuelewana juu ya mzigo na zamu si sawa na kuwa na mtu wa kukupikia.

Manamba

Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyotumwa kutoka Florida, 62 tu iliokoka, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yakatokea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mkonge duniani. Wenyeji wa Tanga hawakutosha, na wala wengi hawakuitaka kazi hiyo. Wakaja Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wangoni, Warundi, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Aliyekuja kwa mkataba aliitwa manamba, jina lililotoka katika namba aliyopewa.

Katika miaka ya 1920 wengi walikuja kwa miguu, na Idara ya Kazi iliyoanzishwa mwaka 1926 chini ya Granville Orde-Browne iliona kwamba watu walifika mashambani wakiwa wameshadhoofika. Idara ikaweka kambi za mapumziko katika njia kuu. Ilikuwa, kwa hakika, ago lililojengwa na serikali. Idara yenyewe ilifutwa mwaka 1931 kwa sababu ya ufinyu wa fedha. Kuanzia mwaka 1944 chama cha waajiri kiliendesha ofisi ya kuandikisha wafanyakazi iliyojulikana kama SILABU, na manamba wakawa wanasafirishwa kwa treni na malori.

Malipo yalifuata kipande, karatasi ya siku 30 za kazi. Siku ya ugonjwa haikujazwa. Manamba mwenye homa, kwa hiyo, alipima kila asubuhi kati ya mwili wake na karatasi yake, na wengi waliichagua karatasi. Katika hali hiyo safura, ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu, ulifaa kabisa kustawi: humdhoofisha mtu polepole, bila siku moja ambayo aweza kusema kwamba leo ndiyo siku aliyougua.

Waajiri waliwagawa watu katika safu za nyumba kwa makabila, kwa ajili ya urahisi wa kuwasimamia. Matokeo yake hayakuwa yote yale waliyoyataka. Safu ya Waha ilikuwa mahali pa kupata mtu wa kukuletea maji kwa lugha ya nyumbani, na safu ya pili yake ilikuwa ya watani. Ngoma za beni, ambazo Terence Ranger alizichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1975, ziliongeza tabaka jingine. Marini na Arinoti walishindana kwa sare na vyeo vya kuiga majeshi, lakini wanachama walichangiana pia katika ugonjwa na msiba. Serikali ilizitazama kwa wasiwasi wa kisiasa, huku mgonjwa akizitazama kwa jicho la mtu anayehitaji sanda.

Sanda hasa ndiyo iliyokuwa hofu. Kwa mhamiaji wa Kiislamu, na hata kwa asiye Mwislamu aliyeishi katika ustaarabu wa pwani, kufukiwa bila kuoshwa na bila sanda ilikuwa fedheha iliyozidi kifo. Mtu mwenye hofu hiyo huondoka shambani mapema, angali ana nguvu ya kutembea, ili akafie kwao. Hili lina athari katika takwimu: vitabu vya shamba na vya hospitali huandika waliofia pale, bali waliokwenda kufa mwisho wa reli, au katika kijiji cha Kibondo, huhesabiwa kama watu waliomaliza mkataba.

Mjini

Dar es Salaam ya sensa ya 1957 ilikuwa na watu wapatao 128,000. J. A. K. Leslie, ambaye uchunguzi wake juu ya mji huo ulichapishwa mwaka 1963, alieleza jinsi mgeni alivyomwendea kwanza ndugu yake, hata awe wa mbali kiasi gani, na kulala kwake mpaka apate kazi. Ukarimu huo uliokoa watu na njaa, na pia ulijaza vyumba. Chumba cha nyumba ya Kiswahili kilichokusudiwa watu wawili kilipolaza sita, kifua kikuu kilipata njia ile ile iliyopitiwa na wema. Watafiti wanaoyasifu mahusiano ya kijamii kama dawa isiyo na sumu hawajalala katika chumba cha namna hiyo.

Tangu miaka ya 1930 vyama vya makabila vilikuwa vimeanza kuchukua sehemu ya kazi za watani, vikiwa na katibu, daftari na ada. Baadaye vikafuata vyama vya kuzikana vya mtaa, ambavyo havikuuliza kabila. Upande wa mashamba, uandikishaji wa SILABU ulikoma katikati ya miaka ya 1960, na manamba wengi wakabaki Tanga na familia zao. Wajukuu wao sasa ni wenyeji ambao mkunguru hauwahusu.

Chama cha kuzikana kina nguvu ambazo utani haukuwa nazo: fedha tayari, gari la kukodi, uwezo wa kusafirisha maiti hadi Songea au Kigoma. Lakini chama humtambua mwanachama aliyelipa. Kijana aliyeshuka kituo cha basi juzi, ambaye jina lake halijaingia katika daftari lolote, yumo katika wiki ile ile ambayo mwili wake bado haujazoea maji ya mji. Mnyamwezi wa mwaka 1860 katika hali yake, akiwa amelala chini ya mwembe wa Mzaramo asiyemjua, angesikia kwanza tusi, na baada ya tusi, uji.